Kitabu Kiko Louvain, Msomaji Yuko Kongolo: Jinsi Maktaba za Vyuo Zinavyoazimana

Huduma ya maktaba kuazimana vitabu ni utaratibu unaoiwezesha maktaba ya chuo kimoja kuomba kutoka maktaba ya chuo kingine kitabu, tasnifu au makala ambayo yenyewe haina, kwa ajili ya msomaji wake, na kwa ahadi kwamba kilichotolewa kitatunzwa na kurudishwa katika muda uliokubaliwa. Anayeazima katika utaratibu huu si mwanafunzi wala mwalimu, bali ni maktaba yenyewe. Msomaji hujaza fomu na kusubiri, lakini jina linaloingia katika kumbukumbu za maktaba inayotoa, na dhamana inayodaiwa kitabu kikipotea au kikichanika, ni vya taasisi. Kwa sababu hiyo msomaji asiye na fedha za safari wala ndugu aliyeko Ulaya anaweza kusoma kitabu kilichoko Ulaya, mradi chuo chake kina mkutubi, yaani mtaalamu wa kusimamia maktaba, anayejua pa kuuliza na anayeaminiwa huko anakouliza.

Katika mji wa Kongolo, ulioko ukingoni mwa mto Lualaba katika jimbo la Tanganyika la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, utaratibu huu una uzito wa pekee. Kwa mstari ulionyooka, mji huo uko takribani kilomita 250 kutoka Kalemie, makao makuu ya jimbo na mahali pa Chuo Kikuu cha Kalemie, takribani kilomita 700 kutoka Lubumbashi, na zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Kinshasa. Safari yenyewe ni ndefu kuliko hesabu hizo, kwa kuwa reli ya SNCC, shirika la taifa la reli, haielekei moja kwa moja: njia inayotoka Kalemie hupita Nyunzu hadi Kabalo, na kutoka hapo ndipo njia nyingine hupanda kaskazini kuelekea Kongolo na Kindu. Mwanafunzi anayeambiwa na mwalimu wake akasome kitabu fulani Lubumbashi huwa ameambiwa, kwa kweli, atafute nauli, chakula cha njiani na mahali pa kulala kwa majuma kadhaa, na wengi hukata tamaa kabla hawajaanza.

Umbali huo unauma zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu watu wa eneo hilo, yaani Wahemba, Waluba na Wasongye, ilichapishwa ng'ambo na ndiko ilikohifadhiwa. Kitabu cha padri Pierre Colle kuhusu Waluba kilitoka Brussels mwaka 1913 katika majuzuu mawili. Utafiti wa Edmond Verhulpen kuhusu Waluba wa Katanga na majirani zao ulitoka mwaka 1936. Kamusi kubwa ya Kiluba na Kifaransa, iliyotungwa na E. Van Avermaet pamoja na Mkongo Benoît Mbuya, ilitolewa na jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, mwaka 1954. Na historia ya dola la Waluba iliyoandikwa na Thomas Reefe ilichapwa California mwaka 1981. Sanamu za mababu wa Wahemba, zilizochongwa kwa mti na kutunzwa na koo kwa vizazi vingi, zilitoka kwa wingi kwenda Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, na kitabu kikubwa kilichozichambua, La grande statuaire hemba du Zaïre cha François Neyt, kikachapwa Louvain-la-Neuve, Ubelgiji, mwaka 1977. Kijana wa Mbulula, katika eneo la Kongolo, anayetaka kuandika juu ya kazi ya mikono ya babu zake anakuta sanamu ziko katika makumbusho ya mbali, na kitabu kinachozieleza kiko huko huko. Kurudishwa kwa sanamu ni suala la serikali na sheria, nalo huchukua miaka mingi. Kupatikana kwa kitabu, au kwa sura moja tu ya kitabu, ni suala la fomu iliyojazwa vizuri.

Wazo la maktaba kusaidiana kwa njia hii lina zaidi ya karne moja. Mwaka 1876 Samuel Green, mkutubi wa mji wa Worcester huko Marekani, alipendekeza katika jarida la wakutubi wa nchi hiyo kwamba maktaba zikubali kupelekeana vitabu. Mwaka 1894 Joseph Rowell, mkutubi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, aliligeuza pendekezo la namna hiyo kuwa huduma rasmi, na mwaka 1917 chama cha wakutubi wa Marekani kikatoa kanuni za kuazimana zilizoeleza nani anaruhusiwa kuomba, nani analipa gharama za posta, na kitabu gani kisitoke. Shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, linalojulikana kwa kifupi chake IFLA na lililoanzishwa Edinburgh mwaka 1927, lilitoa kanuni za kuazimana baina ya nchi na nchi mwaka 1954, na kanuni hizo, baada ya kurekebishwa mara kadhaa, ndizo zinazofuatwa mpaka leo.

Waingereza walikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chini ya uongozi wa Donald Urquhart, walijenga huko Boston Spa, katika Yorkshire, maktaba ambayo kazi yake kuu ilikuwa kuwatumia wengine vitabu na majarida kwa posta, bila kutegemea wasomaji waje kuketi ukumbini. Mwaka 1973 maktaba hiyo ikaunganishwa na Maktaba ya Uingereza, na kwa miongo mingi maombi ya wanasayansi wa nchi nyingi yaliishia katika ghala zake. Huko Ohio, Marekani, vyuo vilivyoungana mwaka 1967 kwa jina la OCLC vilianza mwaka 1971 kuorodhesha vitabu vyao kwa kompyuta katika orodha moja, na mwaka 1979 vikaongeza njia ya kupelekeana maombi kupitia orodha hiyo hiyo. Hatua hiyo ya 1971 ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa kabla yake mkutubi aliyetaka kujua kitabu kiko wapi, asipopata jibu katika orodha zilizochapwa, alilazimika kuandika barua kwa maktaba moja baada ya nyingine na kungoja majibu.

Kongo yenyewe ina historia inayoonyesha vizuri kwa nini huduma hii inahitajika. Chuo cha Lovanium kilianzishwa mwaka 1954 katika mji ambao sasa ni Kinshasa, chuo kikuu cha serikali kikafunguliwa mwaka 1956 katika mji ambao sasa ni Lubumbashi, na cha tatu kikaanzishwa Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyote vitatu kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, na kuvigawa vitivo kati ya miji: masomo ya fasihi na sayansi za jamii yakapelekwa Lubumbashi, sheria na tiba yakawekwa Kinshasa, ualimu na saikolojia yakawekwa Kisangani. Mpango huo ulidumu mpaka 1981, ambapo kila kampasi ilirudishiwa uhuru wake na vitivo vikaanza kufunguliwa upya kila mahali, bila shaka bila vitabu vya kutosha kuvijaza. Nchi iliyotawanya taaluma zake kwa umbali wa kilomita elfu na zaidi ilipaswa, kuliko nchi nyingine yoyote ya eneo hili, kuwa na mtandao imara wa maktaba kuazimana. Kutokuwekeza vya kutosha katika jambo hilo ni kosa ambalo vizazi kadhaa vya wanafunzi vimelilipia, na vyuo vichanga vya mashariki, vilivyozaliwa baadaye vikiwa na rafu chache, ndivyo vinavyoumia zaidi.

Jinsi huduma inavyofanya kazi inaeleweka vizuri kwa kufuata ombi moja. Mwanafunzi anayehitaji kitabu cha Neyt hutakiwa kwanza kuhakikisha kwamba hakimo katika maktaba ya chuo chake wala katika maktaba nyingine za mji, zikiwemo zile za seminari na mashirika ya kidini, ambazo mara nyingi husahauliwa ingawa baadhi yake zina vitabu vya zamani kuliko vyuo vyenyewe. Akishahakikisha, hujaza fomu ya maombi. Fomu hiyo huuliza jina la mwandishi, jina kamili la kitabu kama lilivyochapwa kwenye ukurasa wa ndani wala si kama linavyotajwa darasani, mji na mwaka wa uchapaji, jina la mchapishaji, na mahali mwombaji alipoona kitabu hicho kikitajwa. Swali hili la mwisho huwashangaza wengi, lakini lina maana kubwa: kama mwanafunzi alilikuta jina la kitabu chini ya ukurasa wa tasnifu fulani, mkutubi anaweza kurudi kwenye tasnifu hiyo na kusahihisha herufi zilizokosewa. Ombi linalosema tu kwamba linataka kitabu kuhusu sanamu za Wahemba haliwezi kujibiwa, kwa kuwa mfanyakazi anayelipokea Ubelgiji hana wakati wala wajibu wa kukisia.

Makosa madogo hugharimu sana. Anayeomba kitabu cha Colle bila kutaja kama anataka juzuu la kwanza au la pili huenda akaletewa lile asilolihitaji, baada ya kungoja kwa muda mrefu. Anayeomba makala ya jarida hana budi kutaja jina la jarida, mwaka, namba ya toleo na kurasa ambazo makala inaanzia na kuishia, kwa sababu jina la makala peke yake halimwongozi mtu kwenye rafu. Vitabu vilivyochapwa tangu miaka ya 1970 kwa kawaida huwa na namba ya kimataifa ya kitabu, ISBN, iliyochapwa kwenye jalada la nyuma au kwenye kurasa za mwanzo, na namba hiyo ikipatikana huondoa utata karibu wote. Vitabu vya zamani, kama hivyo vya 1913 na 1936, havina namba hiyo, na kwavyo usahihi wa maandishi ndio kinga pekee.

Baada ya hapo kazi huhamia kwa mkutubi, ambaye hutafuta mahali kitabu kilipo. Chombo chake kikuu ni katalogi ya pamoja, yaani orodha moja inayokusanya habari za vitabu vya maktaba nyingi na kuonyesha kila nakala iko katika maktaba ipi. Katalogi kubwa kuliko zote ni WorldCat ya OCLC, ambayo mtu yeyote mwenye intaneti, hata kwa simu, anaweza kuitumia bila malipo; Ubelgiji ina UniCat, Ufaransa ina Sudoc, na hizi mbili zafaa sana kwa msomaji wa Kongo kwa sababu vitabu vingi anavyovitaka viliandikwa kwa Kifaransa. Akishaziona maktaba zenye nakala, mkutubi hufuata kanuni ya kuanzia karibu: kama kitabu kipo Kalemie au Lubumbashi, ombi halipaswi kuvuka mipaka ya nchi, na kama kipo katika nchi jirani, halipaswi kuvuka bahari. Kanuni hii hupunguza gharama, na pia huilinda huduma yenyewe, kwa kuwa maktaba za mbali huchoka upesi zinapoombwa vitu ambavyo mwombaji angevipata kwa jirani yake.

Hapa ndipo ugumu wa Tanganyika unapoonekana. Kitabu kilichoko Evanston, karibu na Chicago, katika maktaba ya Herskovits ya Chuo Kikuu cha Northwestern, iliyoanzishwa mwaka 1954 kwa ajili ya masomo ya Afrika pekee, kinaweza kuonekana kwa sekunde chache kwenye simu ya mtu aliyeketi sokoni Kongolo; lakini kitabu kilichoko kwenye rafu ambayo haijaorodheshwa, mtaa wa pili kutoka hapo alipoketi, hakionekani kabisa.

Kitabu kikikubaliwa kutolewa, hufungwa na kutumwa kikiwa na karatasi yenye tarehe ya kurudishwa na masharti ya matumizi. Sharti la kawaida ni kwamba kisomwe ndani ya maktaba iliyokiomba na kisitoke nje. Jingine ni kwamba kisipigwe fotokopi bila idhini, hasa kama uti wake ni dhaifu. Msomaji aliyezoea kwenda na vitabu nyumbani huweza kuliona sharti hilo kuwa la kuonea, lakini mkutubi aliyesaini fomu ndiye atakayeandikiwa barua kikipotea, na chuo kilichopoteza kitabu cha wengine hupewa kisogo kwa miaka. Wakati wa kurudisha, hasa katika miezi ya mvua, kitabu hufungwa kwanza kwa nailoni ndipo kifungwe kwa karatasi ngumu, kisha hutumwa kwa njia inayotoa risiti, na risiti hiyo huhifadhiwa mpaka maktaba iliyotoa ithibitishe kwamba imekipokea. Siku za njiani nazo ni sehemu ya hesabu. Mwanafunzi aliyepewa majuma manne asidhani ana majuma manne ya kusoma. Asome na kunukuu tangu siku ya kwanza.

Si kila kinachoombwa hutolewa. Kamusi na vitabu vingine vya rejea, ambavyo wasomaji wa maktaba yenyewe huvihitaji kila siku, kwa kawaida havitoki; vivyo hivyo vitabu adimu, magazeti yaliyofungwa pamoja, ramani kubwa, na vitabu vipya vinavyosubiriwa na wengi. Kamusi ya Van Avermaet na Mbuya ni mfano mzuri wa kitabu ambacho maktaba nyingi zitakataa kukitoa mzimamzima. Kukataliwa huko hakumaanishi mwisho wa safari, kwa sababu maktaba inayokataa kutoa kitabu mara nyingi hukubali kutoa nakala ya kurasa chache, na kwa msomaji wa Kongolo njia hiyo ya pili ndiyo yenye matumaini makubwa kuliko ya kwanza.

Utoaji wa nakala ni huduma pacha ya kuazimana: badala ya kitabu kusafiri, mfanyakazi wa maktaba hupiga picha ya makala au sura iliyoombwa na kuituma kwa barua pepe. Hakuna posta, hakuna forodha, hakuna kitabu cha kurudishwa. Mipaka yake huwekwa na sheria za hakimiliki, zinazomlinda mwandishi ili kazi yake isinakiliwe na kusambazwa ovyo. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo sheria hiyo ni amri namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na maktaba inayotoa nakala hufungwa pia na sheria ya nchi yake. Kwa desturi iliyoenea, makala moja ya toleo la jarida au sura moja ya kitabu, kwa ajili ya masomo ya mtu mmoja, hukubalika, na kitabu kizima hakikubaliki. Mwanafunzi mwerevu kwa hiyo hutafuta kwanza yaliyomo katika kitabu, huchagua sura inayomhusu hasa, na kuomba hiyo.

Mwaka 2020, maktaba zilipofungwa duniani kote kwa sababu ya korona, wakutubi wa IFLA walianzisha huduma iitwayo RSCVD, ambayo kwayo maktaba yoyote huweza kuweka ombi la makala au sura na maktaba yoyote iliyo nayo hulijibu bila kudai malipo. Lililozuka kwa dharura limegeuka kuwa baraka kwa vyuo maskini, kwa kuwa halidai mkataba mzito wala ada ya uanachama. Linadai mkutubi mwenye anwani ya barua pepe ya taasisi, subira, na uaminifu wa kumpa nakala yule tu aliyeiomba. Chuo chochote cha mashariki mwa Kongo ambacho bado hakijaitumia huduma hii kingefanya vema kuijaribu kabla ya kutafuta mfadhili wa jambo lolote kubwa zaidi.

Pale malipo yanapodaiwa, ugumu hauko katika kiasi bali katika namna ya kulipa, kwa maana gharama za benki za kutuma yuro chache kutoka Kongo kwenda Ulaya huweza kuzidi deni lenyewe. IFLA ililiona tatizo hilo na mwaka 1995 ikaanzisha vocha, yaani kadi ndogo ya plastiki ambayo maktaba iliinunua, kwa miaka mingi kwa yuro 8, na kuitoa kama malipo ya ombi moja la kawaida, huku ya nusu ikitumika kwa malipo madogo. Uzuri wake ulikuwa kwamba vocha haikuwa na muda wa kwisha, na maktaba iliyoipokea iliweza kuitumia tena ilipokuwa na ombi lake yenyewe. Maktaba iliyotimiza maombi matano ya wengine ilikuwa na vocha tano mkononi, nazo ziliilipia maombi matano bila kutoa hata faranga moja.

Kabla ya kuomba chochote, msomaji anapaswa pia kujua kwamba baadhi ya anavyovitafuta viko wazi. Jumba la makumbusho la Tervuren limeweka machapisho yake mengi ya zamani kwenye intaneti bila malipo, na Chuo cha Kifalme cha Ubelgiji cha Sayansi za Ng'ambo kimefanya vivyo hivyo kwa machapisho yake. Mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya chini ya Shirika la Afya Duniani na kupanuliwa baadaye hadi kilimo, mazingira, teknolojia na sheria, huzipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini kabisa, Kongo ikiwemo, ruhusa ya kusoma maelfu ya majarida bila malipo, mradi chuo kijiandikishe. Hifadhi ya African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, hukusanya majarida yanayochapishwa Afrika kwenyewe. Mkutubi mzuri hupita kwanza milango hii, na ombi la kuazima huja baadaye, kwa kile tu ambacho hakikupatikana.

Lakini huduma hii haiendi upande mmoja, na hapo ndipo vyuo vya Tanganyika vinapaswa kujitazama upya. Mkono mtupu haulambwi, na maktaba inayoomba daima bila kuwa na cha kutoa hubaki ikitegemea huruma. Si kweli kwamba Kongolo na Kalemie hazina cha kutoa. Kila mwaka wanafunzi wanaomaliza mzunguko wa kwanza wa masomo ya juu huandika kazi ya utafiti wanayoiita TFC, na wa mzunguko wa pili huandika tasnifu ndefu zaidi. Wengi wao hurudi vijijini kwao kuwahoji wazee juu ya historia ya uchifu, bei za mihogo na samaki, mila za ndoa, njia za mto na mapito ya vita. Kazi hizo hupigwa chapa katika nakala chache, moja hubaki kwa mwalimu msimamizi, moja huwekwa chuoni, na nyingine hubaki na mwandishi. Nyingi zina kasoro za mbinu na za lugha, hilo halifichiki. Hata hivyo zimebeba maneno ya wazee ambao wamekwisha kufariki, na hakuna maktaba ya Brussels wala ya Chicago yenye nakala yake.

Watafiti wa mbali wanazitamani kazi za namna hiyo. Tangu mwaka 1963 maktaba kadhaa za Marekani zimekuwa na ushirika uitwao CAMP, ulio chini ya Kituo cha Maktaba za Utafiti cha Chicago, ambao kazi yake ni kunakili na kuhifadhi magazeti, nyaraka na machapisho adimu ya Afrika ili wanachama wake wayaazime. Kama wageni wameona thamani ya karatasi hizo kiasi cha kuunda ushirika, wenyeji hawana sababu ya kuziacha ziliwe na mchwa kwenye kabati lisilo na funguo. TFC iliyopigwa picha vizuri kwa simu, kwa idhini ya mwandishi wake, ikaorodheshwa na kutumwa kwa maktaba iliyoiomba, ni mchango halali katika mfumo wa kuazimana, sawa kabisa na kitabu chenye jalada gumu kilichotoka Louvain.

Kinachotakiwa kwanza ni orodha. Haihitaji umeme kuanza: daftari kubwa lenye safu za jina la mwandishi, jina la kazi, mwaka, kitivo na mahali ilipo kwenye rafu linatosha kwa hatua ya kwanza, na wanafunzi wawili walio makini wanaweza kuikamilisha rafu moja kwa siku chache. Orodha hiyo huhamishiwa baadaye kwenye kompyuta, na programu ya kuiendesha ipo bila malipo: Koha, programu huria iliyoanza kutumika huko New Zealand mwaka 2000, leo inaendesha maktaba nyingi za vyuo barani Afrika. Vyuo vya Kongolo, Kalemie na miji mingine ya jimbo vikikubaliana kuandika orodha zao kwa namna moja, jimbo litakuwa na katalogi yake ya pamoja, na kwa mara ya kwanza mkutubi wa Kalemie ataweza kumjibu mwenzake wa Kongolo kwa hakika badala ya kumwambia aje aangalie mwenyewe.

Wakuu wa vyuo wanaombwa basi wafanye mambo mawili yasiyohitaji bajeti kubwa: wampe mkutubi anwani rasmi ya barua pepe na saa kadhaa za intaneti kila juma, na waagize kwamba hakuna TFC itakayopokewa bila kuingizwa katika orodha siku hiyo hiyo. Walimu wanaombwa watoe majina kamili ya vitabu wanavyovitaja darasani, pamoja na mwaka na mji wa uchapaji. Na mwanafunzi anayejiandaa kuandika kazi yake ya mwisho apeleke maombi yake maktabani mwanzoni mwa mwaka wa masomo, akijua sura anayoitaka na kurasa zake, kwa sababu kitabu kilichoombwa mwezi mmoja kabla ya utetezi wa tasnifu hakitafika kwa wakati.